Sindano ya jicho, dawa ya damu na kisu kinachoweza kusubiri

Goti limekwisha, daktari wa mifupa ametoa tarehe ya kuweka la bandia, na mgonjwa ametoka kliniki na karatasi yenye sentensi moja: "Acha dawa ya kuyeyusha damu siku 5 kabla." Karatasi haisemi ni dawa ipi, wala siku 5 zinahesabiwaje. Na haina neno lolote kuhusu jicho la kulia, ambalo hudungwa sindano kila baada ya wiki 6 ili lisipoteze kuona. Daktari hakuuliza na mgonjwa hakusema, kwa sababu mtu akiulizwa anatumia dawa gani hutaja vidonge. Sindano ya jicho haikai nyumbani kabatini, kwa hiyo haimo kwenye orodha ya kichwani.

Hapo mambo matatu yanagombea kalenda moja. Msimamo wangu ni huu: kati ya hayo matatu, kwa kawaida ni upasuaji pekee unaoweza kusogezwa bila hasara kubwa. Nazungumzia upasuaji wa kupangwa, kama goti, nyonga, ngiri, mawe ya mfuko wa nyongo au tezi dume iliyovimba. Mfupa uliovunjika na saratani vina haraka yake. Hata hivyo mara nyingi huwa kinyume: tarehe ya kisu huchukuliwa kama amri, kisha jicho na damu vinasukumwa vipishe.

Tuanze na jicho, maana ndilo linalosahauliwa.

Kuna nini ndani ya sindano

Dawa zinazodungwa mara nyingi ni bevasizumabu, inayojulikana kwa jina la Avastin, ranibizumabu ya Lucentis, aflibasepti ya Eylea na farisimabu ya Vabysmo. Zote huzuia kemikali inayochochea mishipa ya damu mibovu kuota na kuvuja nyuma ya jicho. Hutumika kwa kitovu cha retina (sehemu ya kati ya utando wa nyuma ya jicho unaonasa picha) kilichozeeka kwa aina ya majimaji, kwa uvimbe wa retina unaoletwa na kisukari, na kwa mshipa wa retina ulioziba. Kwa kawaida mtu huanza na dozi za kila mwezi, mara nyingi 3 au zaidi, kisha daktari hurefusha pengo kwa wiki 2 hadi 4 kila mara jicho linapobaki kavu, bila maji kuvuja. Wengine hufika wiki 12 au 16. Wengine wakivuka wiki 6 tu maji yanarudi. Hiyo namba yako, idadi ya wiki ambazo jicho lako linavumilia, ndiyo jambo la kwanza ambalo timu ya upasuaji inapaswa kulijua.

Avastin huleta mkanganyiko wake. Dawa hiyohiyo hutolewa kwa wagonjwa wa saratani kupitia mshipa, miligramu 5 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni miligramu 350 hadi 1,050 kwa mara moja. Jicho hupata miligramu 1.25 tu, katika tone la mililita 0.05. Maelezo ya dawa ya saratani huonya kwamba upasuaji wa kupangwa usifanyike kabla ya siku 28 kupita tangu dozi ya mwisho, kwa kuwa kidonda huchelewa kupona. Daktari wa upasuaji akiliona jina hilo kwenye faili na kukumbuka onyo hilo, anaweza kuagiza sindano zisimame kwa miezi. Anasoma onyo la dozi ambayo ni mamia ya mara zaidi ya ile ya jicho. Jibu la adabu ni kumwomba azungumze na kliniki ya macho kabla ya kukata tarehe.

Lakini si kwamba dawa ya jicho haiingii kwenye damu kabisa. Huingia kidogo, na ndiyo maana mtu aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo karibuni humwambia daktari wa macho kabla ya sindano inayofuata. Anaweza kuichelewesha, kubadili dawa, au kuendelea baada ya kupima hasara za pande zote.

Usiache dawa ya damu kwa ajili ya sindano ya jicho

Hili nalirudia kwa sababu kosa lake ni la kawaida na halina faida yoyote. Sindano inayotumika ni ya geji 30, unene wa takriban theluthi moja ya milimita. Huingia kwenye weupe wa jicho, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa duara la rangi, mahali ambapo mbele yake hapana retina wala mshipa mkubwa. Kwa mtumiaji wa warfarini, apiksabani, rivaroksabani, aspirini au klopidogreli, linaloweza kuongezeka ni alama nyekundu ya damu chini ya ngozi laini inayofunika weupe wa jicho. Hutisha ukijitazama kwenye kioo, haiumi, haipunguzi kuona, na hufifia kwa wiki 1 hadi 2. Ukiweka alama hiyo upande mmoja wa mizani na kiharusi upande wa pili, hakuna cha kujadili. Tahadhari ni moja: anayetumia warfarini awe na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ndani ya kiwango chake. INR ikiwa imepanda kupita kiwango, irekebishwe kwanza.

Mtoto wa jicho naye, ambaye wengi wanaodungwa sindano huwa naye pia, kwa kawaida huondolewa bila kusimamisha dawa hizi, ikiwa ganzi ni ya matone au ya mrija butu. Ganzi ya sindano kali nyuma ya jicho ndiyo inayoweza kutoboa mshipa na kujaza damu mahali pasipo na nafasi, kwa hiyo uliza mapema itatumika ganzi ipi.

Kuipanga sindano kandokando ya upasuaji

Hatari kubwa ya sindano yenyewe ni maambukizi ndani ya jicho. Ni nadra, takriban mara moja katika sindano elfu kadhaa, lakini yakitokea huweza kuliua jicho, na mara nyingi hujionyesha ndani ya wiki ya kwanza: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ukungu, wekundu, mwanga kuchoma. Sasa fikiria dalili hizo zinaanza mgonjwa akiwa wodini siku ya pili baada ya kuwekewa goti, amelewa dawa za maumivu, na kila mtu anatazama mguu. Kwa hiyo wiki 1 hadi 2 kabla ya upasuaji ndio wakati mzuri wa sindano. Dirisha la maambukizi linakuwa limepita au linakaribia kufungwa, na jicho limeshiba dawa.

Tarehe zikigongana, wahisha sindano, usiicheleweshe. Wengi wanaweza kudungwa mapema ilimradi wiki 4 zimepita tangu ile ya mwisho katika jicho hilohilo. Mwenye pengo la wiki 6 akidungwa siku 10 kabla ya upasuaji, inayofuata inaangukia wiki ya 4 au ya 5 ya kupona, wakati ambao wengi wanaweza kukaa kwenye kiti cha kuegemea kwa dakika 15. Aliyewekewa nyonga aieleze kliniki mapema kwamba haruhusiwi kukunja kiungo kupita nyuzi 90. Viti vingine viko chini sana, na ni bora kulijua hilo siku ya kupanga kuliko mlangoni.

Kuruka sindano moja si sawa kwa kila ugonjwa. Uvimbe wa kisukari mara nyingine huvumilia kuchelewa kidogo. Kitovu kilichozeeka cha aina ya majimaji hakina uvumilivu huo: mshipa ukivuja au ukipasuka, kovu linaweza kubaki hata dawa ikirudi. Na mwenye kisukari ambaye mishipa mipya imeota kwenye retina na anategemea sindano tu, bila kuwahi kupigwa leza, yuko hatarini zaidi akipotea kwa miezi. Huyo amuulize daktari wake kuhusu leza kabla ya upasuaji mkubwa.

Kuna mambo mengine madogo ambayo hakuna anayeyaandika kwenye karatasi. Siku ya sindano mboni hupanuliwa kwa matone, na huweza kubaki pana kwa saa nyingi. Ukiingia chumba cha upasuaji na mboni moja pana na nyingine nyembamba, daktari wa usingizi ana haki ya kushtuka, maana mboni zisizolingana ni dalili ya hatari kichwani. Usidungwe siku hiyo wala siku iliyotangulia. Kama bado una doa jekundu la sindano ya wiki iliyopita, litaje mwenyewe kabla hujaulizwa, lisije likadhaniwa ni maambukizi na upasuaji ukaahirishwa bure. Matone ya presha ya jicho hayakatizwi hata asubuhi ya upasuaji. Na ikiwa utalazwa kifudifudi kwa saa nyingi, kama kwenye upasuaji wa mgongo, sema una ugonjwa wa retina, ili macho yalindwe yasigandamizwe.

Moja si dogo. Baadhi ya wagonjwa huwekewa gesi ndani ya jicho, baada ya upasuaji wa retina au kusukuma damu iliyovuja chini ya kitovu chake. Gesi hukaa wiki 2 hadi 8 au zaidi kidogo, kutegemea aina. Muda huo wote hairuhusiwi kabisa kutumia naitrasi oksaidi kwenye usingizi wa nusu kaputi. Naitrasi huingia kwenye povu la gesi, hulipanua, presha hupanda na neva ya jicho hufa njaa ya damu. Hapo upasuaji wa kupangwa husubiri hadi gesi iishe. Kama hauwezi kusubiri, daktari wa usingizi aambiwe kwa mdomo na aoneshwe bangili uliyopewa.

Dawa ya damu: kwanza sababu, kisha hesabu

Kabla ya kuuliza dawa inaachwa siku ngapi, uliza ulipewa kwa nini. Aliyewekewa stenti ya moyo yenye dawa, kijibomba kinachoshikilia mshipa wa moyo uwe wazi, kwa kawaida husubiri miezi 6 kabla ya upasuaji wa kupangwa, na miezi 12 kama stenti ilifuata mshtuko wa moyo. Aliyepata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu asubiri angalau miezi 3. Baada ya kiharusi pia huhesabiwa angalau miezi 3. Kama uko ndani ya muda huo, suala si jinsi ya kuacha dawa. Goti lisubiri.

Swali la pili ni upasuaji wenyewe unamwaga damu kiasi gani. Kung'oa jino moja au mawili na kukata uvimbe mdogo wa ngozi kwa kawaida hakudai kuacha chochote. Ngiri na mfuko wa nyongo viko katikati. Goti, nyonga, mgongo na tezi dume viko juu. Ganzi ya uti wa mgongo nayo huhesabiwa juu hata kama upasuaji ni mdogo, kwa sababu matone machache ya damu yakijikusanya karibu na uti wa mgongo yanaweza kupoozesha miguu.

Sasa hesabu, na hapa ndipo watu wengi hupotea. "Siku 2 kabla" maana yake ni siku 2 nzima bila dawa, siku ya upasuaji haimo. Tuseme upasuaji ni Alhamisi na unatumia apiksabani, ambayo wengi huijua kama Eliquis, asubuhi na jioni. Kwa upasuaji wa kumwaga damu kidogo au wa kati, Jumatano humezi, na kidonge cha mwisho ni cha Jumanne jioni. Kwa ule wa kumwaga damu nyingi, Jumanne na Jumatano humezi, cha mwisho ni Jumatatu jioni. Alhamisi asubuhi humezi vyovyote vile. Rivaroksabani ya Xarelto hufuata mpango huohuo. Utaratibu huu ulijaribiwa kwa wagonjwa 3,007 wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio katika utafiti uitwao PAUSE, uliochapishwa 2019, na uliendeshwa bila sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na bila vipimo maalumu vya damu. Ganzi ya uti wa mgongo inaweza kudai zaidi, hadi saa 72 kamili, kwa hiyo daktari wa usingizi aulizwe kabla ya wiki ile kuanza.

Dabigatrani, yaani Pradaxa, ina tabia yake. Hutolewa zaidi na figo. Figo zikiwa zimepungua nguvu, uwezo wa kusafisha damu chini ya mililita 50 kwa dakika, siku 1 inakuwa 2, na siku 2 zinakuwa 4. Kipimo cha kreatinini, yaani cha figo, cha mwaka jana hakitoshi, hasa kwa mwenye kisukari. Kiwe cha wiki chache zilizopita.

Warfarini ni mzee wa ukoo, iko kwenye matumizi ya binadamu tangu 1954, na huondoka polepole. Kwa upasuaji wa Alhamisi, kidonge cha mwisho ni Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Jumamosi hadi Jumatano ni siku 5 bila. INR ipimwe Jumatano, si Alhamisi alfajiri: ikiwa bado ni 1.5 au zaidi, kuna nafasi ya kumeza vitamini K kidogo, miligramu 1 hadi 2, na kupima tena asubuhi. Ikigunduliwa Alhamisi, upasuaji umeahirishwa na siku 5 bila kinga zimekwenda bure.

Je, pengo hilo lizibwe kwa sindano za heparini? Zamani karibu kila mtu alizibiwa. Mwaka 2015 utafiti wa BRIDGE, wenye wagonjwa 1,884 wa mapigo yasiyo na mpangilio, ulionyesha kwamba mabonge yalikuwa asilimia 0.4 kwa wasiozibiwa na 0.3 kwa waliozibiwa, ilhali kutokwa na damu kukubwa kulikuwa asilimia 1.3 dhidi ya 3.2. Kwa wengi wenye tatizo hilo, heparini iliongeza damu bila kupunguza kiharusi. Wenye vali ya moyo ya chuma, hasa ya upande wa mitrali, ni habari nyingine, na kwao kuziba bado hufanyika.

Aspirini na klopidogreli haziishi kwa saa, kwa sababu huharibu chembe sahani za damu, na mwili lazima utengeneze nyingine. Klopidogreli huachwa siku 5 hadi 7. Aspirini ya mwenye stenti mara nyingi haiachwi kabisa. Usiiache kwa mazoea.

Kurudi kwenye dawa

Kuacha hupata karatasi, kurudi hupata "endelea kama kawaida", na hapo ndipo mambo huharibika. Baada ya upasuaji wa kati, apiksabani na ndugu zake hurudi siku inayofuata. Baada ya mkubwa, siku ya 2 au ya 3, kama kidonda ni kikavu. Warfarini inaweza kurudi jioni ileile kwa dozi yako ya kawaida, kwani huchukua siku 5 au zaidi kufanya kazi kikamilifu.

Kwa goti na nyonga, wodi huweza kukupa sindano ya tumboni ya enoksaparini ya kuzuia mabonge. Ukirudi nyumbani na sindano zilizobaki na ukaanza Eliquis siku hiyohiyo, una dawa mbili za kazi moja na goti lililojaa damu. Uliza swali hili hasa: ninapoanza kidonge, sindano inakoma siku gani?

Rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 humezwa na chakula, la sivyo sehemu yake haifyonzwi. Mtu anayetapika baada ya nusu kaputi hana kinga anayodhani anayo. Kapsuli ya dabigatrani haifunguliwi, maana punje zake zikimezwa wazi dawa hupita kiasi kwenye damu. Apiksabani inaweza kusagwa.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zikiungana na dawa ya damu huongeza hatari ya kutokwa na damu tumboni. Metronidazoli na kotrimoksazoli hupandisha INR, na parasetamoli ya kila siku kwa dozi kamili huipandisha pia. Usisahau vidonge vya macho vya virutubisho: mchanganyiko uitwao AREDS2 una vitamini E vizio 400 (IU), kiasi ambacho kinaweza kuongeza nguvu ya warfarini. Watu huviona kama chakula na hawavitaji.

Na upasuaji ukiahirishwa siku yenyewe? Chumba kimejaa, presha imepanda, mashine imekufa. Unavishwa viatu, unarudishwa nyumbani, na hakuna anayesema neno kuhusu dawa uliyoiacha. Usiondoke pale bila jibu la "naimeza leo saa ngapi?" Kisha ipigie kliniki ya macho, kwa sababu ile sindano uliyoiwahisha sasa imeanza kuhesabu upya.

Ukurasa mmoja

Yote haya yatoshe kwenye ukurasa mmoja, nakala tatu: kwa daktari wa upasuaji, kwa daktari wa usingizi, kwa kliniki ya macho. Juu, tarehe ya upasuaji na aina ya ganzi. Chini yake, jicho lipi, dawa gani, sindano ya mwisho lini, pengo la wiki ngapi, kuna gesi au hamna. Kisha dawa ya damu, sababu ya kuitumia, kipimo cha figo chenye tarehe, siku na saa ya kidonge cha mwisho, siku ya kurudi, na jina la aliyekubali. Nafasi ya jina ikibaki tupu, hakuna aliyeamua.

Kwenye mkoba wa hospitali tia karatasi ya miraba ya Amsler, ile unayotazama kwa jicho moja moja. Itazame kila asubuhi hata ukiwa kitandani. Mistari ikipinda kuliko jana, ni simu kwa kliniki ya macho siku hiyohiyo. Doa jeusi likitokea ghafla katikati, hasa baada ya kurudi kwenye dawa ya damu, huenda ni damu chini ya kitovu cha retina, ambayo matibabu yake huhesabiwa kwa siku, si wiki. Mwambie muuguzi asilisubirishe hadi kliniki ya mguu, na usiache dawa ya damu kwa uamuzi wako mwenyewe ukiwa unangoja.